Kutoka Kosa hadi Jinai: Historia ya Msamiati wa Uhalifu katika Pwani ya Mtwara na Mlango wa Ruvuma



1. Utangulizi

Miongoni mwa wanafunzi waliomo katika ukumbi huu wapo wanaosomea sheria, wapo watakaoingia katika upelelezi na magereza, na wapo waliovutwa na taaluma ambayo baadhi yetu huiita elimu ya jinai na wengine huiita kriminolojia. Wengi wao hufika chuoni na swali moja: kwa nini watu huvunja sheria? Swali hilo ni zuri, lakini lipo jingine linalolitangulia. Ni nani aliyeamua kwamba tendo fulani ni uhalifu, na alilitaja kwa neno gani? Swali hili la pili ni la historia, na sehemu yake kubwa ni ya lugha. Ndiyo sababu mtu wa isimu amethubutu kusimama mbele yenu kulizungumzia.

Uwanja wa mhadhara huu ni mwembamba: ni pwani inayoanzia Mikindani, ikapita Mtwara na Msimbati, hadi pale mto Ruvuma unapoingia baharini. Uwanja huo una faida yake. Katika muda wa chini ya miaka sitini, yaani kati ya 1873 na 1930, watu wa pwani hii waliishi chini ya Sultani wa Zanzibar, chini ya Wajerumani na chini ya Waingereza, huku Wareno wakiwa ng'ambo ya mto. Kila mtawala alileta orodha yake ya makosa pamoja na maneno yake. Maneno hayo hayakufutana. Yalirundikana moja juu ya jingine, na hadi leo mtu aliyesimama kizimbani huyatumia yote kwa pamoja bila kujua umri wake.

Hoja yangu ni kwamba mrundikano huo unatuonyesha safari moja kubwa. Kosa, ambalo hapo kwanza lilikuwa jambo baina ya mkosaji na mkosewa, lilihamishwa hatua kwa hatua likawa jambo baina ya mkosaji na dola. Neno jinai lenyewe ni shahidi wa safari hiyo. Nitaonyesha pia kwamba mwanafunzi anayefundishwa jinai kwa lugha isiyo ya mtuhumiwa wala ya shahidi ana hatari ya kutoiona safari hiyo kabisa.

2. Kosa, Hatia na Dia

Tuanze na neno ambalo ni la Kibantu. Kosa linatokana na kitenzi kukosa, ambacho maana yake ni kutopata, kupungukiwa, au kutofikia shabaha. Mvuvi hukosa samaki, mboga hukosa chumvi, mshale hukosa ndege. Mtu naye akitenda lisilofaa husemwa kwamba amekosa. Tukitaka kutaja uzito wa tendo, sarufi hutusukuma kumtaja mtu mwingine: amemkosea mjomba wake, amewakosea wazee. Katika tabaka hili la lugha kosa lina pande mbili, na tiba yake hutafutwa kwa yule wa upande wa pili: kuomba radhi, kulipa, kusameheana.

Mpangilio huo wa maneno ulilingana na mpangilio wa jamii. Wamakonde, Wamwera na Wayao, ambao ndio majirani na mara nyingi ndio wazazi wa watu wa pwani hii, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Aliyekuwa na wajibu wa kumtetea mkosaji, na vilevile wa kulipa kwa niaba yake, alikuwa mjomba. Kosa la kijana mmoja lilikuwa deni la ukoo mzima.

Juu ya tabaka hilo Uislamu wa pwani uliweka maneno ya Kiarabu: hatia, adhabu, hukumu, shahidi, dhamana, kisasi na dia. Humo ndimo lilimotoka jinai, kutoka neno jinaya. Hapa naomba wanafunzi wa sheria wasikilize kwa makini. Katika fikihi, jinaya ilikuwa hasa kosa dhidi ya uhai au mwili wa mtu, yaani kuua na kujeruhi. Ilitofautishwa na makosa machache yaliyohesabiwa kuwa haki ya Mwenyezi Mungu. Katika jinaya, haki ya kudai kisasi, ya kupokea dia, au ya kusamehe, ilikuwa mikononi mwa aliyejeruhiwa au jamaa wa marehemu. Kadhi alipima ushahidi na kutamka hukumu, lakini mlango wa msamaha ulifunguliwa na wenye damu. Leo neno hilohilo lina maana inayokaribia kuwa kinyume chake. Kesi ya jinai ni ile ambayo aliyeumizwa si mdaawa. Mdaawa ni Jamhuri, na aliyeumizwa huitwa kama shahidi tu, akisha kujibu maswali hurudi kwao.

Katika tabaka hilihili kuna jambo la kiapo. Kiswahili husema kula kiapo na kula yamini. Mtu anaweza kudhani kwamba kitenzi kula kimetokana na desturi, iliyojulikana sana katika nchi za Ruvuma, ya kumlisha au kumnywesha mtuhumiwa mwavi ili adhihirike kuwa ana hatia au hana. Dhana hiyo inavutia, lakini tusiikimbilie. Kiajemi na Kihindi nazo husema kula kiapo, na pwani yetu ilizungumza na lugha hizo kwa karne nyingi. Kilicho wazi ni kwamba neno moja, kiapo, lilibeba maneno ya mdomoni na jaribio la mwilini kwa pamoja, na kwamba mahakama ya leo imebaki na sehemu ya kwanza tu.

Sitaki msikilizaji aondoke akidhani kwamba nausifu utaratibu huo wa kale bila kuupima. Utaratibu unaomtegemea jamaa wa kudai haki humwacha mtupu asiye na jamaa. Mtumwa aliyejeruhiwa hakuwa na mjomba wa kumsemea. Thamani yake ilipodaiwa, malipo yalikwenda kwa bwana wake. Mwanamke naye mara nyingi alisemewa na wengine. Kwa hiyo dola ilipolichukua kosa mikononi mwake haikupora tu. Kwa baadhi ya watu ilikuwa mara ya kwanza madhara yao kuhesabiwa kuwa madhara.

3. Tendo Moja, Majina Mawili

Habari ya mtumwa inatufikisha kwenye mfano bora wa somo la kwanza la elimu ya jinai, yaani kwamba uhalifu ni tendo pamoja na jina. Mikindani, kama Kilwa, ilikuwa bandari iliyopokea misafara kutoka bara na kutoka kusini mwa Ruvuma. Mwaka 1872 mtu aliyesafirisha watumwa kwa jahazi alikuwa mfanyabiashara, na mara nyingi mheshimiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza uliopiga marufuku kuwasafirisha watumwa kwa bahari. Misafara ikageuza njia, ikawa inatembea nchi kavu kufuata pwani. Mwaka 1876 Sultani akapiga marufuku misafara hiyo pia. Hivyo, katika miaka minne, mtu yuleyule akikaa katika nyumba ileile na kutenda lilelile alitoka katika ufanyabiashara akaingia katika uhalifu.

Lakini jina jipya halikuenea sawasawa. Kufanya biashara ya watumwa kukawa kosa, ilhali kuwa na mtumwa hakukuwa kosa. Wajerumani walipoitawala nchi hawakuukomesha utumwa wenyewe. Amri yao ya 1904 ilisema tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Ilipofika 1922 ndipo sheria ya Waingereza ilipoufuta katika Tanganyika. Kwa karibu miaka hamsini, basi, kununua mtu kulikuwa haramu na kummiliki kulikuwa halali. Mwanafunzi anayetaka kuhesabu wahalifu wa Mikindani wa miaka hiyo hana budi kuuliza kwanza anahesabu kwa orodha ya nani.

Neno lililotumika kwa mtu wa namna hiyo, mhalifu, lina historia yake. Kitenzi kuhalifu kimetokana na Kiarabu, na maana yake ni kwenda kinyume na amri. Halimtaji aliyeumizwa. Linamtaja aliyeamuru. Si ajabu kwamba neno hili lilizidi kupata nguvu kadiri amri zilivyozidi kutoka mbali.

4. Shauri, Kiboko na Mnyororo

Wajerumani walipoanza kuitwaa pwani mwaka 1888 walikutana na upinzani uliofika hadi Mikindani, na maofisa wao wakalazimika kuukimbia mji huo. Walirudi Mei 1890 kwa majeshi ya Wissmann, na mwaka 1895 wakajenga boma ambalo bado linaitazama ghuba ya Mikindani. Ndani ya kuta za namna hiyo ndimo kosa lilipopata mwenyewe mpya.

Hata hivyo, Wajerumani walihukumu kwa Kiswahili, na huo ndio upekee wa kipindi chao. Chuo cha Lugha za Mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887 kiliwafundisha Kiswahili maofisa waliokuwa wakija huku. Mmoja wa walimu wake Waswahili alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha huko kuanzia 1900 hadi 1905, na ambaye maandishi yake ndiyo kiini cha kitabu cha desturi za Waswahili alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903. Kwa hiyo darasa la kwanza la chuo lililohusisha Kiswahili na utoaji wa hukumu lilikuwa Ulaya, na wanafunzi wake walikuwa mahakimu, si wahukumiwa. Mtoro mwenyewe aliyaonja matunda ya utawala huo. Alipojaribu kurejea Dar es Salaam na mke wake Mjerumani alizuiwa kushuka melini.

Neno kuu la enzi hiyo ni shauri. Kwa Waswahili shauri lilikuwa mazungumzo ya kutafuta njia, ambapo watu hushauriana mpaka wapatane. Wajerumani walilichukua neno hilo wakaliingiza katika lugha yao kwa maana ya kikao cha bwana mkubwa kusikiliza malalamiko na kutoa hukumu. Sauti ilibaki ileile, lakini wingi wa wasemaji ukapungua hadi mmoja. Waingereza nao walilirithi, na mkuu wa wilaya akaitwa bwana shauri. Leo tukisema shauri la jinai tunalitumia neno hilo katika maana hiyo ya bomani, ingawa tukisema naomba ushauri wako tunarudi katika maana ya barazani.

Adhabu nazo ziliwekwa katika maandishi. Amri ya Kansela ya tarehe 22 Aprili 1896 iliorodhesha adhabu ambazo wenyeji wangeweza kupewa: viboko, faini, kifungo cha kazi za nguvu, kifungo cha mnyororo, na kifo. Viboko visingezidi 25 kwa mara moja. Wanawake hawakupaswa kuchapwa, wala Waarabu na Wahindi. Maana yake ni kwamba uzito wa adhabu ulitegemea kosa pamoja na kabila la mkosaji. Kiswahili cha watu kiliitunza amri hiyo kuliko nyaraka: hamsa ishirini. Namba ya Kiarabu, iliyokuwa ya hesabu za dukani, iligeuka kuwa jina la mateso, na wazee walilikumbuka muda mrefu baada ya bendera kushushwa.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba katika muda wa takriban miaka thelathini Kijerumani hakikutuachia neno hata moja la kawaida la mahakamani. Kimetuachia shule na hela. Askari, boma, akida, liwali, shauri na hukumu yalikuwapo tayari, na dola mpya ikayavaa.

Upande wa kusini wa mlango wa Ruvuma hali ilikuwa na mkanganyo wake. Mkataba wa Wajerumani na Wareno wa 1886 uliufanya mto kuwa mpaka, lakini sehemu ya Kionga, iliyo ng'ambo ya kusini ya mlango huo, ilibaki na mgogoro. Wajerumani waliishika mwaka 1894. Wareno wakaitwaa Aprili 1916, na baada ya vita ikathibitishwa kuwa yao. Mkazi wa Kionga aliyezaliwa kabla ya 1890 aliweza kuona sheria za Zanzibar, za Berlin na za Lisbon bila kuhama kijiji. Chini ya Mjerumani adhabu iliyoogopwa ilikuwa kiboko. Chini ya Mreno ilikuwa palmatória, kibao cha kupigia viganja. Wamakonde wengi waliovuka mto kuja kaskazini walikuwa wakikimbia kazi za kulazimishwa na kibao hicho. Ndugu waliogawanywa na mto waliendelea kupelekeana mchele, chumvi na nguo, na safari zao zikapata jina jipya, magendo. Yaelekea neno hili limetokana na mzizi uleule wa kwenda, na kama ni hivyo, basi hapa kutembea kwenyewe ndiko kulikopewa jina la kosa.

5. Kesi, Faini na Rumande

Waingereza walikuja na maneno yao: kesi, faini, jela, rumande, polisi. Jela lilikaa kando ya gereza, ambalo wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Walikuja pia na vitabu. Kwanza walitumia sheria ya adhabu ya India, ambayo asili yake ni ya mwaka 1860. Kisha, mwaka 1930, Tanganyika ilipata Kanuni ya Adhabu yake, ambayo nasaba yake inarudi Queensland, Australia, mwaka 1899, kwa kupitia Nigeria. Kanuni hiyo, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo Sura ya 16 ya sheria zetu hadi leo. Tafsiri ya wizi au ya kuua ambayo hakimu wa Mtwara anaitumia ilitungwa mbali sana na Ruvuma.

Sambamba na hiyo kulikuwa na mahakama za wenyeji, zilizowekwa chini ya usimamizi wa maofisa wa utawala kwa sheria ya 1929. Huko maliwali na majumbe waliendelea kutumia maneno ya zamani. Mfumo ukawa na ghorofa mbili: chini Kiswahili na mila, juu Kiingereza na Kanuni ya Adhabu.

Ngazi iliyounganisha ghorofa hizo ilikuwa mkalimani, na hapo ndipo watu walipoumia. Tuchukue mfano wa mtu anayeshtakiwa kwa kuua. Anaulizwa kama shtaka ni la kweli, naye anajibu: Ni kweli, nimemuua. Kitenzi kuua katika Kiswahili hakitofautishi kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Kinataja tokeo tu. Kwa mzungumzaji, amesema ukweli juu ya kilichotokea. Katika kumbukumbu iliyoandikwa kwa Kiingereza huweza kuonekana amekiri kosa lenye nia ndani yake, ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliiona hatari hiyo mwaka 1942 katika shauri la Yonasani Egalu na wenzake kutoka Uganda. Ilielekeza kwamba kila kiungo cha kosa kielezwe kwa mshtakiwa, naye atakiwe kukikubali au kukikana kimoja kimoja. Uamuzi huo bado unatajwa katika mahakama zetu. Husomwa kama kanuni ya mwenendo wa mashauri. Mimi nausoma pia kama hati ya isimu, kwa sababu unakiri kwamba neno kweli si lazima liwe tafsiri ya neno hatia.

Uchawi nao watosha kutajwa kwa ufupi. Sheria ya 1928 iligeuza mambo kichwa chini mbele ya macho ya wanakijiji, kwani kumtuhumu mtu kuwa mchawi kukawa kosa. Aliyejiona amekosewa akaenda barazani kulalamika aliweza kurudi akiwa mshtakiwa.

6. Uhuru na Ghorofa Mbili

Mwaka 1961 Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria. Mwaka 1963 Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliziunganisha mahakama katika mfumo mmoja, na Mahakama ya Mwanzo ikawa ngazi ya chini yenye kuendeshwa kwa Kiswahili, hakimu akiketi na washauri kutoka miongoni mwa wananchi. Mwaka 1965 Profesa A. B. Weston, aliyekiongoza kitivo hicho mwanzoni, aliandika juu ya matatizo ya kuiweka sheria katika Kiswahili. Wataalamu wa lugha na wa sheria wakaanza kazi ya istilahi.

Lakini ghorofa mbili zilibaki. Sheria ya 1984 ilithibitisha Kiswahili katika Mahakama ya Mwanzo. Kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, mashahidi walisema Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza. Kwa miongo kadhaa maneno halisi ya shahidi wa Msimbati hayakuhifadhiwa popote. Kilichohifadhiwa ni tafsiri ya papo hapo ya mtu aliyekuwa pia akipima ukweli wake. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki, ingawa Kiingereza kinaruhusiwa pale inapobidi. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Jaji Zephrine Galeba alikuwa ametoa uamuzi kwa Kiswahili katika Mahakama Kuu huko Musoma, akapongezwa hadharani. Mlango umefunguliwa. Vyuo vikuu, hata hivyo, bado vinafundisha sheria na elimu ya jinai kwa Kiingereza, na mhitimu anapokwenda kuandika maelezo ya mtuhumiwa hujikuta hana istilahi alizozimudu.

7. Baruti na Kangomba

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni ya wanahistoria. Nitoe mifano miwili ya karibu kuonyesha kwamba safari ya kosa haijaisha.

Wa kwanza ni uvuvi wa baruti. Kwa miongo mingi milio ya baruti ilisikika katika Ghuba ya Mnazi, ikivunja matumbawe na kuua samaki wakubwa kwa wadogo. Mbele ya mahakama kosa lilikuwa kumiliki milipuko au kuvua kinyume cha kanuni, na mlalamikaji alikuwa Jamhuri. Vijiji, vilivyopoteza mazalia ya samaki, havikuwa na nafasi katika shauri, na mara kadhaa viliwaona watuhumiwa wakirudi mitaani. Katika miaka ya 1990 vijiji vya pwani ya kusini viliungana kuusemea ufukwe wao, na mradi wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland, uliwawezesha wanavijiji kusema mbele ya kamera kile ambacho kizimbani hawakuulizwa. Mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Baruti zimepungua sana tangu katikati ya miaka ya 2010, baada ya operesheni kali. Hata hivyo, hifadhi nayo ilileta makosa mapya, na baadhi ya wavuvi wadogo walijikuta wahalifu kwa nyavu walizorithi. Watu na Serikali wanatumia neno moja, uvuvi haramu. Lakini haramu ni neno la dini, lenye uzito wa dhambi. Mvuvi anayekubali kwamba baruti ni haramu anaweza kukataa katakata kwamba wavu wa baba yake ni haramu, ingawa hakatai kwamba umekatazwa. Mtafiti asiyeijua tofauti hiyo ataandika kwamba wavuvi hawaheshimu sheria.

Wa pili ni kangomba. Neno hili ni la ukanda wa korosho, na hutaja ununuzi wa korosho kwa mkulima nje ya utaratibu rasmi, mara nyingi kabla ya msimu na kwa bei ya chini. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara katika msimu wa 2007/2008, kangomba imekuwa jina la kosa. Novemba 2018, wakulima walipogomea bei za wanunuzi, Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuikusanya, na malipo yakatanguliwa na uhakiki wa kumtenga mkulima na mtu wa kangomba. Sasa tumtazame mkulima ambaye miezi ya njaa alichukua unga kwa jirani akaahidi kumlipa korosho. Kwa msamiati wa tabaka la kwanza huyo ana deni, na kulipa ni uungwana. Kwa msamiati wa pili ameshiriki kangomba. Je, yeye ni mkosewa aliyepunjwa, au ni mshiriki wa mkosaji? Tuliwahi kuona jambo la namna hii mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya walanguzi. Kulangua, kitenzi cha kawaida cha sokoni, kiliwekwa katika orodha ya uhujumu uchumi, na watu wakatiwa ndani kwa bidhaa ambazo miaka kumi kabla zingewafanya waitwe wenye duka.

Sisemi kwamba kangomba haina madhara. Wapo waliopoteza jasho la mwaka mzima kwa debe chache za unga. Ninachosema ni kwamba neno moja limefunika watu wa aina tatu: mnyonyaji, mnyonywaji, na jirani mwema. Kazi ya elimu ya jinai ni kuwatenganisha, na haiwezi kuwatenganisha bila kulifungua neno.

8. Hitimisho

Nimeeleza kwamba kosa lilikuwa na pande mbili, kwamba jinai ilikuwa haki ya aliyeumizwa, na kwamba shauri lilikuwa mazungumzo ya wengi. Nimeeleza pia kwamba tawala tatu, kila moja kwa sababu zake, ziliyahamisha maneno hayo kuelekea bomani, na kwamba uhamisho huo uliwaumiza wengine na kuwakinga wengine. Sheria zetu zenyewe hazijasahau kabisa yalikotoka. Kanuni ya Adhabu inaruhusu mahakama kuamuru fidia, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inaruhusu kuhimiza suluhu katika makosa madogo ya kibinafsi. Vifungu hivyo vipo, na mwanafunzi anayejua kwamba fidia na suluhu ni tabaka la msingi la lugha yake ataviona kwa jicho tofauti na yule anayedhani ni huruma ya hakimu.

Ndugu zangu wanafunzi, hata jina la taaluma yenu halijakaa sawa. Mkiiita elimu ya jinai, mtachunguza orodha iliyowekwa na dola. Mkiiita elimu ya uhalifu, mtachunguza ukaidi dhidi ya amri. Mkiiita elimu ya makosa, mtalazimika kumtafuta aliyekosewa. Sipendekezi moja lifute mengine, kwa kuwa mahakama inahitaji yote matatu. Napendekeza kwamba kila mmoja wenu, kabla ya kuandika tasnifu juu ya wafungwa au wavuvi au wakulima wa kusini, akae siku kadhaa katika Mahakama ya Mwanzo, asikilize bila kutafsiri, na aandike maneno kama yalivyotamkwa. Aandike nani alisema amenikosea na nani alisema amevunja sheria. Nawasihi pia wakuu wa vyuo wasisubiri kamusi ikamilike ndipo wafundishe kwa Kiswahili. Istilahi hukomaa zikitumika, na zitakazotumika kwanza ni zile ambazo mshtakiwa tayari anazo mdomoni.